Amri Imefutwa

Asubuhi ya umuganda, Spéciose alikuta majirani wanang'oa msingi wa nyumba yake. Kuta zilishabomolewa mwaka jana kwa amri ya Arthur, katibu mtendaji wa kata ambaye wote humwita gitifu. Tangu hapo Spéciose, mwanawe Gisa na wadogo zake wamebanana kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Gatsata. Leo, katika kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu walikuwa wanamalizia mawe.

Hakulia. Kwenye mkoba alikuwa na hukumu ya mahakama, na moyoni hamu moja tu: kumwona Arthur akiadhirika mbele ya kadamnasi.

Hamu hiyo ndiyo iliyomweka hai. Alida, wakili wa msaada wa kisheria, alimtaka kwanza apeleke malalamiko kwa wakubwa wa Arthur, maana bila hivyo mahakama isingempokea. Wakubwa wakanyamaza. Mwishowe jaji akatamka: amri ya kubomoa ilikuwa kinyume cha sheria, imefutwa. Alida alijaribu kumweleza kipi kimefutwa na kipi hakikufutwa. Spéciose hakumsikiliza, mawazo yake yote yalikuwa kwenye uso wa Arthur.

Hakungoja mkutano wa baada ya kazi. Alimwendea Arthur aliyekuwa akisimamia kazi, akampa hukumu palepale, akamwambia aisome watu wasikie. Sururu zikatulia.

Arthur akasoma yote kwa sauti, hata pale alipotajwa kwa jina. Kisha akaikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama Gisa, jaji iko sawa," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda alikokulia. "Alisema mimi sikukuwa na mamlaka. Hakusema nyumba iko na kibali ya kujenga. Mamlaka iko kwa wilaya, na wilaya imesaini jana. Amri ni ile ile."

Spéciose akauliza kuta zilizovunjwa bila mamlaka atazirudisha nani. Arthur akajibu kwa upole kwamba hiyo ni kesi nyingine, na kuifungua ni haki yake. Aanze tena kwa wakubwa. Majirani wakainamisha vichwa, waoga wakubwa.

"Na umuganda ni ya kila mtu, mama."

Akachukua sururu kwa mwanamume wa karibu, akamkabidhi Spéciose. Mpini ulikuwa umelowa jasho. Arthur akainama kumwonyesha jiwe la kuanzia, shingo yake wazi juani, na Spéciose akaiinua sururu juu ya kichwa.