Sala ya Kufunga Kikao

Siku hiyo watoto wa kituo walitolewa kwenye chumba chao cha mazoezi ya viungo, wakalazwa mikekani barazani, ili wakubwa wapate pa kukaa na kuwapangia maisha ya miaka mitano ijayo.

Mama Pacha aliona hayo akaguna. Mmoja wa pacha wake, ambaye miguu yake ilichelewa kupata nguvu, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika bomba lililofungwa ukutani. Leo bomba lilikuwa limetundikwa koti la mkurugenzi wa shirika linaloendesha kituo. Tetesi zilisema shirika linataka kukigeuza chumba kuwa ukumbi. Alikuja kukitetea.

"Wadau wangu!" alianza mtaalamu wa mipango, bwana wa viatu vya kung'aa na tabasamu la kukodi. "Hakuna wazo baya. Andikeni ndoto zenu, mbandike ukutani."

Mama Pacha akaandika kwenye karatasi ya njano: Chumba kisichukuliwe. Mtaalamu akaisoma, akaihamishia chini ya kichwa "Matumizi Bora ya Majengo."

"Baba, mimi sikusema hivyo."

"Mama yangu, tunaoanisha mawazo."

"Mnaoanisha au mnazika?" akadakia bibi mmoja nyuma. Akina mama wakacheka chinichini.

Baada ya chai, mkurugenzi akasoma maazimio ya kikao kutoka kitabu kilichokwisha kuchapwa, jalada likimeremeta: wadau wameomba ukumbi. Wa nini? Wa mikutano ya wadau. Wala hakucheka. Aibu ilimhama zamani, haijarudi hata kumsalimia.

"Maswali mtaleta kwa maandishi. Sasa mama mmoja atufungie kwa sala." Hiyo ndiyo kazi pekee waliyowaachia akina mama, wakidhani haina madhara.

Mama Pacha akasimama. Macho yakafumbwa.

"Mungu wetu, hawa walishaamua kabla ya kutuita. Wewe hudanganywi kwa karatasi za rangi. Humu ndimo mwanangu anamosimama. Anayekitaka chumba hiki, akuombe mwenyewe, kwa sauti. Tunasubiri."

Amina haikuja. Mtaalamu akakohoa. Mkurugenzi akafumbua jicho moja, akakuta akina mama wote wanamtazama.

"Mama, malizia basi," akanong'ona.

"Bado tunasali, bosi. Zamu yako."

Jasho likamtoka. Kusema uongo kwa wafadhili alikuzoea, kumdanganya Mungu hakukuzoea.

"Ee Mungu," akasema kwa sauti ya mgonjwa, "chumba… kibaki cha watoto."

"Amina!" wakanguruma.

Mama Pacha akalitungua lile koti kwa vidole viwili, akamkabidhi mwenyewe, akaenda barazani kumchukua mwanawe.