Alama ya Sikio Kwenye Kabureta

Mwaka 1976 walitaka kutunyang'anya Land Rover yetu mchana kweupe, tena kwa mkutano, ili ionekane tumeitoa wenyewe. Nimesahau mengi. Hilo sijasahau.

Gari lile tulilinunua kwa ng'ombe. Kila boma la kijiji chetu hapa Gorong'a lilitoa dume. Ndilo lililobeba mbegu, ndilo lililowapeleka wajawazito hospitali Tarime. Lilipoanza kunywa petroli kupita kiasi tuliamriwa tulipeleke gereji moja ya mjini, ya wakubwa. Likakaa huko miezi miwili. Liliporudi lilikuwa linakohoa kama mwenye pumu, sailensa halina, yaani haliwezi kuunguruma lenyewe likisimama: ukiondoa mguu kwenye mafuta tu, linazimika. Wiki hiyohiyo likazimika mlimani na Boke yumo ndani, uchungu umemshika. Akajifungulia kwenye mvua, mkunga Teresia amemkingia khanga. Mtoto tulimzika kesho yake.

Ndipo akaja Bwana Nyangwine, mkaguzi wa serikali, na dereva wake Tomaso, katika Land Rover ya aina ileile.

"Ndugu wananchi," akasema, "gari lenu limekufa. Inueni mikono tulivute mjini, mtafikiriwa baadaye."

Mikono ikaanza kupanda. Watu walikuwa wamechoka. Nikasimama.

"Limekufa kwa ugonjwa gani?"

"Kabureta. Wewe wa darasa la nne unajua kabureta?"

"La tatu, bwana. Usinipandishe cheo."

Watu wakacheka, na mikono mingine ikashuka. Injini nilijifunza kwenye kitabu kisicho na jalada, alichonipa Athuman, fundi bati wa Tarime. Kilikuwa cha Kiingereza, nilisoma michoro. Nikafungua boneti, nikang'oa kabureta, nikaiinua juu wote waione.

"Hii si yetu. Yetu ina herufi SOLEX zimeinuka ubavuni. Hapa zipo wapi? Yetu kidole gumba kinaingia kooni na kuzunguka; hapa kinakwama. Na tazameni gasketi, imekatwa kutoka boksi la sabuni. Hii ni ya gari dogo. Wamempa ng'ombe pua ya mbuzi, halafu wanashangaa hapumui!"

"Chuma ni chuma," akasema mkaguzi.

"Na ng'ombe wote wana pembe, lakini wetu tunawajua."

Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ile tunapeleka gari mjini nilichukua tupa, nikachanja ukingo wa kabureta mara mbili, upande wa kushoto, kama tunavyochanja sikio la ndama. Kwetu mnyama haendi malisho ya ugenini bila alama.

Mzee Heche alikuwa amekaa mbele, penye wazee. Akagonga fimbo chini. "Mura, kijana wangu, nyayo zimeishia wapi?"

Kila mtu pale aliielewa sheria hiyo. Ng'ombe akiibwa tunafuata nyayo. Wenye boma ambamo nyayo zimeishia waonyeshe zilikotokea tena, au walipe ng'ombe.

"Tata," nikamjibu kwa heshima ya baba, "ziliingia gereji. Na gari nililoliona likitoka huko siku moja na letu, limeegeshwa pale."

"Atakayegusa gari la serikali atalala ndani!" Nyangwine akapaza sauti.

Hakuna aliyeligusa. Tomaso ndiye aliyelifuata, taratibu, akafungua boneti yake mwenyewe. "Mimi nilitumwa tu kulichukua gereji," akasema, bila kumtazama bosi wake. "Sikujua kuna mtoto."

SOLEX. Na ukingoni, mikato miwili.

Nikairudisha kabureta yetu nyumbani kwake, kwenye injini ya gari letu. Skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa niliikaza polepole mpaka ikagusa, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu. Gari likawaka. Nikapunguza sailensa, nikainama nikisikiliza, bisibisi mkononi: robo mzunguko, likachangamka, robo nyingine, likaanza kujikwaa. Nikarudi nyuma kidogo. Hapo. Teresia akaweka kikombe cha uji juu ya boneti. Uji ukatetemeka, haukumwagika. Watu walipoulizwa nani bado anataka gari livutwe mjini, mkono hata mmoja haukupanda.

"Na mimi nitarudije?" mkaguzi akauliza.

Nikampa ile kabureta ndogo. "Pua ya mbuzi yako hii. Ukiona haitoshi, panda nyuma, kwenye magunia."

Akapanda nyuma. Nilijua ninampeleka akanishtaki, na kweli nililala ndani siku tisa. Lakini tulipofika mlimani, pale Boke alipojifungulia, nilisimamisha gari. Nikaondoa mguu. Halikuzima. Liliunguruma lenyewe, sawasawa, mvuke wa mvua ukipanda barabarani.

"Tunangoja nini?" Nyangwine akauliza kutoka nyuma.

"Sikiliza," nikamwambia. Na nikamkalisha hapo mpaka akasikiliza.