Mtama wa Chini ya Taa

Mfupi alipasua bua kwa ukucha, akatazama ndani. Majani tu, yamekunjana, mabichi. Suke hakuna. Akapasua jingine. Hakuna. La tatu alilisukuma kando kama mtu anayemsukuma mlevi njiani.

"Unaharibu mimea," mama mkwe wake alimwambia kutoka mstari wa pili.

"Hapa kuna cha kuharibika, mama?"

Shamba lilikuwa moja na mbegu moja. Walipanda pamoja, wakabeba samadi kwa karai lilelile. Upande wa chini, karibu na mtaro, mtama ulikuwa umeshatoa masuke na ndege wameshaanza kuuzoea. Upande wa juu, unaopakana na ghala la ushirika, mabua yalimpita Mfupi mara mbili, kijani kibichi, matupu. Na upande wa juu ndio ulikuwa mkubwa. Mume alikuwa mbali kwenye vibarua, na alichotuma kiliishia kwenye mafuta na sabuni. Ugali wa watoto mpaka mvua nyingine ulitegemewa kutoka hapo.

Juu ya ukuta wa ghala kulikuwa na taa kubwa, mpya. Ilijiwasha yenyewe jioni, na ungeweza kuokota sindano shambani mpaka asubuhi.

Pikipiki ilisimama. Bwana shamba alishuka, kofia ngumu ingali kichwani.

"Mama zangu, hongera! Huu ndio mtama! Alhamisi naleta wageni kutoka makao makuu, wapige picha hapahapa. Msiguse kitu."

"Wakipiga picha, masuke yatatoka?" Mfupi aliuliza.

"Masuke?" Bwana shamba aliinua uso, akaangalia mabua, kisha ile taa. Akavua kofia. "Aa. Ni taa hii. Mtama wa kienyeji hungoja usiku urefuke ndipo utoe suke. Hapa usiku haufiki. Unakua tu."

"Kumbe unajua!"

"Chuoni tulifundishwa."

"Basi izimwe."

"Ikizimwa wiki hii, mabua mengi yatatoa masuke. Lakini taa si idara yangu, mama. Mimi ni mazao."

Mfupi alifunga kitenge vizuri, akaenda ghalani. Mlinzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kamanda, tuzimie taa."

"Shemeji, nikiigusa leo nafukuzwa, kesho unanikuta nalima kwako. Tena nalima vibaya."

"Kwani humo ndani unalinda nini?"

Kamanda alicheka. "Magunia matupu. Tunasubiri mavuno yenu."

Mfupi hakucheka. Alipita mpaka ofisini. Msimamizi wa ghala alimsikiliza huku anapuliza chai.

"Nakuelewa, dada. Lakini taa ni ya mradi. Swichi iko kwenye boksi, boksi lina kufuli, ufunguo anao mkandarasi, na mkandarasi alishamaliza kazi akaondoka."

"Basi tuifunike. Gunia moja tu. Magunia mnayo."

"Kufunika mali ya mradi ni kuihujumu. Mwambie bwana shamba aniandikie barua."

"Yuko hapo nje."

"Vizuri sana. Aandike."

Akarudi karibu anakimbia. Bwana shamba alikuwa anajipiga picha na mtama. Alipoambiwa habari ya barua, alijikuna shingo.

"Nikiandika, bosi ataniuliza taa inahusiana nini na kilimo."

"Si umenieleza mwenyewe sasa hivi?"

"Nimekueleza wewe. Bosi ni mtu wa hesabu. Tuvumilie, Alhamisi ipite, wageni waondoke, halafu tutaliangalia."

"Wiki hii ulisema."

"Nilisema, ndiyo."

Mfupi alimtazama. Kisha alikwenda kwenye kijumba cha zana, akatoka na mundu. Akaanza palepale chini ya ukuta, anashika mabua matatu matatu, anakata chini kabisa. Yalianguka kwa mshindo mzito wa kitu kilichojaa maji.

"Mama! Unafanya nini?"

"Navuna."

"Unavuna nini? Hakuna kitu!"

"Majani. Wenye ng'ombe watayanunua yangali mabichi. Yakikauka ni kuni."

"Na wageni je? Nimeshapeleka taarifa kwamba hapa ndipo pa mfano!"

"Waambie walete ng'ombe."

Bwana shamba alimgeukia mama mkwe, sauti ikashuka ikawa ya kubembeleza. "Mama, wewe ni mtu mzima, zungumza na mtoto. Aniachie hata mistari miwili tu. Hii ya mbele, inayoonekana barabarani. Ya picha."

Mama mkwe alikuwa ameinama na mundu wa pili, na mstari wa mbele ulikuwa umeshakatwa nusu.