Mafiga ya Kwembago

Jumanne moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1955, Mastura binti Sadalla alikuwa amekaa uani kwake Pongwe akipeta mchele. Maji yalikuwa yanatokota kwenye sufuria juu ya mafiga, na chini ya sufuria hamna hata kijiti kimoja. Hilo halikuwa jambo geni. Mafiga yale matatu yalitoka Kwembago, kilima cha kwao upande wa mamaye, mbele kidogo ya Muheza. Nyanya yake ndiye aliyeyachimbua, akamkabidhi siku alipoolewa. Ukiteleka yanapata moto, ukiipua yanapoa. Kuni alikuwa nazo za wageni tu, maana wapo wageni ambao wasipoona moshi hawahesabu kuwa wamekaribishwa.

Lililomkosesha usingizi lilikuwa jingine. Kampuni moja ya mkonge ilikuwa imesogeza mpaka wake, na Kwembago yote ikaingia ndani, pamoja na michungwa na makaburi. Barua aliyoletewa ilisema ardhi ile ilikuwa tupu, haina mwenyewe. Tupu! Nyanya yake kalala pale pale, ubavuni pa kilima. Shauri lilikuwa lisikilizwe Jumatatu mjini Tanga, na Mastura hakuwa na shahidi. Wazee wote walioijua Kwembago walikuwa wamekwisha kuzikwa huko huko.

Mara ikapigwa hodi. Alikuwa Laurenti, Mbondei wa makamo aliyekuwa mnyapara wa wapagazi wa mzungu mmoja mpima miamba. Huyo mzungu watu walimwita Bwana Nyundo, naye alikuwa nyuma yake, amefuata habari za mafiga.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie akae, kigoda hicho."

Bwana Nyundo hakukaa. Mastura alipoipua sufuria, mzungu alichutama, akangoja figa lipoe, kisha akalilamba.

"Mwambie halina chumvi," akasema Mastura.

Mzungu akatoa kioo chake, akaangalia zile punje nyekundu zilizojaa ndani ya jiwe kama za komamanga. Akasema maneno mengi, na Laurenti akayafasiri taratibu.

"Anasema mawe haya zamani yalikuwa tope la baharini. Tope likafukiwa, likashuka chini maili kwa maili, na juu yake ukasimama mlima kuushinda Kilimanjaro, safu moja tangu Msumbiji mpaka Sudani. Huko chini likapikwa, likabanwa, likapikwa tena mpaka likawa jiwe hili. Halafu mvua ikaula mlima wote, kidogo kidogo. Hivi vilima vyetu ni mizizi yake. Anasema ni miaka milioni mia tano na ushei."

"Ala! Basi ndiyo maana," akasema Mastura. "Moto wake haujaisha."

Bwana Nyundo akayaandika hayo kwenye daftari lake. Akasema hata yeye alikuwa akifikiri hivyo hivyo.

Siku ile Mastura alijivuna, wala hakuficha. Maisha yake yote watu wa mjini walikuwa wakimwita mtu wa bara, wakimjazia masikio habari za makaburi ya Tongoni na mamia ya miaka yake. Mamia! Figa lake likisikia si litacheka! Akamwomba mzungu aandike barua kwamba mawe ni ya Kwembago na umri wake ni huo, ili mafiga yawe shahidi wake, naye akaandika, akatia sahihi.

Jumatatu Mastura alipanda gari moshi na sufuria yake, mchele na nazi mbili. Figa moja alijitwika juu ya ngata, mawili akabeba Laurenti. Barazani aliyapanga juu ya sakafu ya saruji, mbele ya meza ya bwana aliyesikiliza mashauri ya ardhi, akateleka. Bwana yule aliuliza kama kutakuwa na moshi. Akaambiwa hakuna, akasema vema, endelea. Karani wake, Zubeiri wa Usagara, alisoma barua ya Bwana Nyundo kwa sauti, na alipomaliza wali ulikuwa umeiva. Yule bwana alikula sahani mbili. Zubeiri akaandika kwenye faili kwamba wali uliiva bila kuni na nazi ilikolea.

Kisha yule bwana akafuta mdomo, akatoa hukumu.

"Huyu mama amesema kweli tupu. Mawe ni ya Kwembago, na umri wake ni huo. Lakini miaka milioni mia tano iliyopita duniani hapakuwa na mtu. Kwa hiyo mawe yenyewe yameshuhudia kwamba Kwembago ilikuwa ardhi tupu. Kampuni iendelee."

Mastura alisimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Na huo wali uliokula, bwana, umepikwa na mawe, au na mtu?"

Yule bwana alisema swali hilo halihusiki. Zubeiri aliliandika hata hivyo. Likachukuliwa figa moja kuwa kidhibiti, likabandikwa namba, na Mastura akarudi Pongwe na mawili.

Kesho yake asubuhi aliyarudisha mawili mahali pake, la tatu akaliachia nafasi yake wazi. Akateleka. Sufuria ikakaa. Haikuinama hata kidogo, na maji yakachemka kama siku zote.

Mvua za vuli zilipokwisha, Laurenti akaja kumpa habari. Kwembago yote imepandwa mkonge, hata juu ya makaburi. Kidhibiti kiko kwenye rafu ya ofisi, na Zubeiri huteleka chai juu yake kila saa nne.

"Mwambie asikioshe kwa sabuni," akasema Mastura.

Laurenti aliinama, akapitisha mkono chini ya sufuria, pale pasipo na figa. Mkono ukapita wote.

"Bi Mastura, hapa pameshikwa na nini?"

"Mlima mzima umeliwa na mvua, mwanangu, na jiko la kwetu halikuzimika. Watalizima hao kwa namba ya karatasi?" Akafunua sufuria, akampakulia sahani iliyojaa. "Kaa ule."