Maili Hamsini na Tano

Mwenda pole hujikwaa. Najua methali haisemi hivyo. Ila aliyeitunga hakuwahi kukaa kando ya mjomba wangu Cikuru kwenye barabara kuu inayotoka Louisville, mama akiwa anakata roho Buffalo, na mshale wa spidi umelala kwenye hamsini na tano kama mbwa aliyeshiba.

Malori yalitupita. Likatupita trela la farasi. Akatupita bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, akageuka kututazama kwa huruma.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka 2015. Mama mdogo Josiane, ambaye mama aliishi naye Buffalo, alikuwa amepiga simu alfajiri. "Daktari anasema hatafika usiku. Mukuje." Saa moja asubuhi tulikuwa barabarani kwenye pikapu ya mjomba. Mbele yetu zilikuwa maili mia tano na arobaini.

"Mjomba, kanyaga kidogo."

"Nikanyage niue nini?" Aligonga kioo cha dashibodi, pale zilipowaka tarakimu za kijani. "Ona. Ishirini na mbili. Galoni moja inatupa maili ishirini na mbili. Nikienda sabini na tano, inashuka kumi na sita. Upepo, mutoto. Upepo ndio unakula esanse, unamaliza mafuta."

"Mama anakufa."

"Cibalonza alikuwa dada yangu mbele hajakuwa mama yako."

Alikuwa ameingiza gia ya tano tangu tutoke mjini, na hakuitoa hata kwenye vilima. Injini ilikoroma, pikapu nzima ikatetemeka kama mtu mwenye homa, naye akakataa katakata kurudi ya nne.

"Ya nne inakunywa," alisema.

"Injini ikilemewa hivi ndipo inapokunywa zaidi. Ipe ya nne ipande, halafu urudi."

"Donc diploma yako inafundisha na makanika? Wewe na Kiswahili yako ya vitabu!"

Alicheka peke yake. Nami nilitazama nje, kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama kwenye baridi bila kazi.

Ningemdharau, lakini nilijua mwendo ule ulikotoka. Nilikuwa na miaka sita tulipokimbia vita Bukavu. Tulikuwa familia mbili, magari mawili, na kila gari lilikuwa na esanse kidogo iliyopimwa kwa chupa. Wenzetu walikuwa na hofu, wakakimbiza gari lao. Mjomba alitufunika turubai nyuma ya Toyota yake, akaingiza gia kubwa, akatoa mguu, akaliacha gari litembee kama linalosindikiza maiti. Watu wazima walimlilia aongeze. Hakuongeza. Baada ya Kamanyola tulilikuta gari la wenzetu, tangi kavu, milango minne wazi, na kiatu kimoja cha mtoto barabarani. Mjomba hakusimama. Alitufikisha mpaka wa Burundi na matone ya mwisho.

"Mguu wa Cikuru ndio uliotuvusha," mama alipenda kusema, hata Marekani, hata mezani mbele ya wageni. Naye Cikuru angeinamisha kichwa kama anayepokea sakramenti.

Kwa hiyo usidhani alikuwa bahili. Kwake yeye, aliyeenda taratibu aliishi na aliyekimbia alitoweka. Alikuwa ameliona hilo kwa macho yake. Kwamba hapa kuna kituo cha mafuta kila baada ya maili chache, mguu wake haukuwa umeambiwa.

Columbus tulifika saa tano na nusu. Alijaza tangi, kisha akatoa kipima upepo na kupiga goti kando ya tairi la kwanza. Akalipima, akaliongeza. Akahamia la pili. Simu yangu ikalia.

"Muko wapi?" alikuwa Josiane.

"Columbus."

"Bado Columbus?" Nikasikia akivuta pumzi. "Nzigire, anamuulizia kaka yake. Kila akifungua macho, anasema Cikuru."

Nilikata simu nikapiga hesabu. Kwa mwendo wake zilibaki saa sita. Tungefika giza limeshaingia.

"Mjomba, nipe niendeshe mimi."

"Utaendesha siku nitakufa."

"Nina leseni. Wewe kaa tu pembeni upumzike."

"Mutoto wa dada yangu hatanibeba mimi kama muzigo." Alimaliza tairi la nne, akasimama akishika kiuno, akaingia ndani ya kituo kunawa mikono.

Ufunguo aliuacha ndani ya gari. Haikumpitia akilini kwamba kuna haja ya kuuchukua.

Nilitoa begi lake nikaliweka kando ya pampu. Koti lake nalo nikaliweka juu ya begi. Nalikumbuka koti kwa sababu nililikunja vizuri, mikono ndani, kama anayepanga sanduku la safari. Kisha nikawasha. Kwenye kioo nilimwona akitoka, akijifuta mikono kwenye suruali. Hakukimbia. Alisimama tu, akinitazama.

Themanini. Gia ya nne kwa kupita malori, injini ikinguruma, kisha ya tano. Tarakimu za kijani zilishuka kumi na tisa, kumi na sita, kumi na tano. Cleveland ikapita upande wa kushoto. Simu ililia mara saba, jina lake likiwaka kila mara, na mara zote saba nikaiacha ilie.

Nikiwa ndani kabisa ya jimbo la New York taa ya mafuta iliwaka. Kituo cha barabarani nilikuwa nimekipita bila kukiona, nikilia. Zilibaki maili ishirini na nane. Ghafla nikawa na miaka sita, chini ya turubai. Nikaingiza ya tano, nikatoa mguu, nikashuka hadi hamsini na tano. Malori yakaanza kunipita.

Saa kumi na robo nilikuwa hospitalini.

Mama alikuwa macho. Alinishika mkono, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Cikuru?"

"Anaegesha gari, mama."

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na ile polepole yake."

Alifariki saa kumi na moja. Macho yake hayakutoka mlangoni.

Mjomba alifika siku ya pili kwa basi. Alinipita. Alimuuliza Josiane kama dada yake alimtaja, na Josiane, aliyekuwa chumbani nasi, hakuweza kumdanganya. "Alikuita siku nzima. Aliambiwa unaegesha gari." Mjomba aliketi chini sakafuni, palepale mlangoni, na koti lake mapajani.

Wiki moja baada ya mazishi kikao kiliitwa nyumbani kwa Josiane, Cheektowaga. Kwetu mambo kama haya yana njia yake. Mkosaji huleta kreti ya soda, hupiga magoti, humpa aliyemkosea chupa ya kwanza kwa mikono miwili. Akinywa, neno limezikwa. Josiane alikwenda mwenyewe Grant Street kuinunua kreti ili nisiwe na kisingizio. Akaisukuma mbele yangu kwa mguu.

"Piga magoti, mwanangu. Tuimalize."

Mjomba aliinua mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza nami tangu Columbus.

"Uliniambia anakufa," alisema. "Hilo nilijua tangu asubuhi. Hukuniambia ananiita."

Josiane aligeuka kunitazama, na nikaona akielewa kwamba ujumbe wake uliishia masikioni mwangu.

"Bon," mjomba alisema. "Ungeniambia, ningekimbiza ile gari mpaka ipasuke."

Labda. Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii. Siku ile nilikuwa nimekwisha kumhukumu kabla simu haijalia, na niliogopa kwamba akisikia bado atarudi kupima tairi la kwanza upya. Sikumpa nafasi ya kunithibitishia wala kunikanusha. Niliipita kreti, nikatoka nje bila koti.

Siku hizi tukikutana kanisani hunipa ncha za vidole, nami humpa zangu. Josiane hutuombea kwa sauti, kwa majina. Nilichomnyima nakijua vizuri kuliko wao wote, kwa sababu nilikuwa nacho mimi: dakika arobaini na tano za mkono wenye joto.

Siombi radhi.