Marufuku ya Kummwagia Maji Bi Hermína

Mji wa Suchá Lipka umetawaliwa na kaizari, marais, chama na sasa baraza la mji, na wote uliwapokea kwa namna moja: ulisikiliza tangazo, ukanung'unika, ukatii. Zamani alipita mpiga ngoma. Siku hizi kuna vipaza sauti juu ya nguzo. Kilichotangazwa hakifutiki mpaka kipaza sauti chenyewe kikifute. Babu za wenyeji walikatazwa kupitisha mabata bukini uwanjani siku aliyokuja askofu mmoja. Askofu alishakufa, mabata wale walishaliwa, na hadi leo mabata huzungushwa nyuma ya kanisa.

Bi Hermína Hudáková alizaliwa hapo hapo na aliyajua hayo yote, ndiyo maana alijilaumu zaidi. Mwaka juzi, alipoweka sakafu mpya ya mbao, aliomba itangazwe kwamba Jumatatu ya Pasaka mwanamume yeyote asije kwake na ndoo. Siku hiyo wanaume huzunguka nyumba kwa nyumba wakiwamwagia wanawake maji, wasije wakakauka mwaka mzima. Jumanne wanawake hulipiza. Wanaume walitii. Mwaka jana wakatii tena.

"Una bahati, mwenzangu," jirani yake Irma alikuja kumwambia, nywele zikimchuruzika. "Mimi nimelowa chepechepe. Wewe umekauka vizuri, kama uyoga wa kuanika."

Maneno hayo yalimkaa rohoni mwaka mzima.

Pasaka hii Hermína alichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu mpaka yakaiva rangi, akakata paja la nguruwe, akatoa chupa ya pombe kali ya plamu, akakaa dirishani. Radoslav, mtoto wa kaka yake, akapita na wenzake, kila mmoja na ndoo.

"Pasaka njema, Shangazi!" Akavua kofia, huyoo, akaendelea na safari.

"We Rado! Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Irma."

"Na mimi je, nimekufa?"

"Shangazi, si lile tangazo?"

"Sakafu yenyewe ishazeeka!"

"Sawa, lakini halijafutwa."

Hermína alivaa koti, akashuka moja kwa moja hadi ofisi ya mji. Vendelín Kačur, mtangazaji wa mji, mgane anayevaa tai hata sikukuu, alikuwa akiwapigia watu muziki.

"Nifutie tangazo langu."

"Sababu?"

"Sakafu imekomaa."

"Hiyo ni habari ya sakafu, Bi Hermína. Nauliza yako."

Alitaka kumtukana, akaishia kuvuta kola ya koti. "Sitaki kukauka, Vendelín. Nataka kumwagiwa maji kama wanawake wenzangu. Haya, umefurahi?"

Vendelín hakucheka. Alisimama, akakaza tai, akachukua kopo la kumwagilia maua, akammiminia lote kichwani.

"Mungu wangu, baridi! Na tangazo hujalifuta!"

"Ningelifuta kwanza, ningekuwa wa mwisho kwenye foleni," alisema Vendelín, masikio yamemwiva. Kisha akawasha kipaza sauti.

Hermína alirudi kwa kupitia kwa Irma, ingawa njia ya nyuma ndiyo fupi, tena polepole. Alipofika kwake alikuta wanaume wamejaa getini, na Rado ameazima mpira wa zimamoto. Sakafu iliumuka kama unga wa mkate. Hermína aliwatukana wote, mmoja mmoja, huku akiwamiminia pombe, na hakuwahi kufurahi hivyo tangu mumewe alipofariki.

Jumanne asubuhi vipaza sauti vikakohoa.

"Wanawake wote wa Suchá Lipka mnatangaziwa," ilisema sauti ya Vendelín, "kwamba ni marufuku kummwagia maji mtangazaji wa mji. Isipokuwa Bi Hermína Hudáková. Mlango uko wazi."

Irma, aliyekuwa njiani tayari na ndoo yake, alisimama, akanung'unika, akaimwaga kwenye maua. Hermína alimpita akikimbia, ndoo huku na ndoo huku.

Tangazo hilo halijafutwa mpaka leo.