Uwanja wa Nyani

Shiundu wa Kisumu Ndogo amewabebea watu mabegi ya gofu miaka ishirini. Mwaka huu alishinda mashindano ya makedi, wabeba mabegi kama yeye, akapewa siku mbili Pwani na nafasi ya kucheza uwanja mmoja kati ya mitatu.

“Huu uko kando ya bahari, huu una vilima, huu una nyani wanaoiba mipira,” alimweleza mkewe, Musimbi.

“Na ni katika upi utabebewa begi?”

Hilo hakuwa amelifikiria. Alipiga simu kote. Ni ule wa nyani pekee uliokuwa na makedi.

Huko, kedi wake, mzee mpole, alimshauri atumie fimbo fupi. Shiundu akabisha, akachukua ndefu, mpira ukatumbukia majini. Mzee aliipangusa tu fimbo, kama Shiundu mwenyewe alivyozoea kuwafanyia wachezaji wabishi, naye Shiundu akaanza kucheka.